Mstari wa Kumi na Mbili

Micheweni, Pemba
27 Julai 2025

Mama Mdogo Rahila,

Assalaam alaykum. Ukituhesabu vichwa sote tupo: baba, mama, kaka Shaame na mimi. Kuku wamebaki saba kwa sababu wawili wamechukuliwa na kicheche. Mama anakusalimu sana, mgongo unamsumbua kila akitoka kufunga mwani. Baba hakusema nikusalimu, lakini hakunikataza.

Zile kurasa za masomo ya kompyuta nimezipata. Altaf wa duka la vipuri mjini Chake Chake alizileta aliporudi kutoka Dar kununua bidhaa, na Suhaib akanifikishia. Suhaib ni fundi simu wa hapa kijijini. Wewe humjui vizuri, ulipoondoka alikuwa mtoto wa miaka mitano. Hununua vipuri kwa Altaf, ndiyo maana barua zetu zitapita kwa hao wawili. Samahani kwa kukuandikia kwa mkono. Simu ya nyumbani anashika baba, na ujumbe wote huusoma kwa sauti.

Nina swali. Kwenye klabu yetu ya shule nimeandika programu ya kuhesabu kamba za mwani za mama. Mstari wa kumi na mbili nimenakili kutoka kwenye kurasa zako: assert kamba >= 0. Nadhani maana yake kamba zisiwe chini ya sifuri. Nilipoijaribu programu ikafa. Haikutoa jibu, ikaandika tu kwamba mstari wa kumi na mbili si kweli. Niliogopa, nikadhani nimeharibu kompyuta ya serikali. Programu nzima nimeinakili nyuma ya karatasi hii. Mstari huo unafanya nini hasa? Kama unajua kitu si kweli, kwa nini usikirekebishe, badala ya kuua kila kitu?

Jambo la pili. Ijumaa juzi wameibiwa wakulima wa mwani. Ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali, wanawake wako baharini tangu saa tatu, wanaume wakaenda kuswali, na aliyekuja akabeba magunia kumi na moja ya mwani mkavu kutoka bandani. Manne ya mama. Miezi mitatu ya mgongo wake. Mimi nilikuwa chumba cha kompyuta, mwalimu aliniachia ufunguo, na Suhaib alikuwa anaifungua kompyuta namba nne.

Kesho watasoma Halbadiri. Watataja majina ya mashahidi wa Badri na kuomba aliyeiba apatwe na jambo litakaloonekana na watu wote. Shehe Abdulsamad amekataa kusoma. Amesema, "Dua hiyo nyiye mnaitaka iwe mbwa wa kunusa." Wakamcheka, wakaleta msomaji kutoka kijiji kingine. Kaka Shaame amekata gongo la mkoko, amekaa barazani analichonga. Nikamuuliza la kazi gani. Akasema, "La kumsubiri."

Mwanao,
Saada

*

Dar es Salaam
4 Agosti 2025

Saada mwanangu,

Waalaykum salaam. Huku joto limepungua, watoto wana mafua, na mume wangu amehamishiwa zamu ya asubuhi. Mwambie mama yako, dada Mwanapili, asiiname kwa kiuno, apige magoti. Najua hatasikia.

Hujaharibu kitu. Mstari huo mimi nauita tamko. Swali linasubiri jibu, na ombi linaweza kukataliwa. Unapoandika tamko unasema: nikifika hapa, jambo hili lazima liwe kweli, na mimi niliyeandika naweka shingo yangu. Likiwa kweli, hakuna kinachotokea. Programu inapita na hakuna atakayejua lilikuwepo. Likiwa uongo, kila kitu kinasimama palepale na unatajiwa mstari. Inasimama kwa sababu ikiendelea itajenga juu ya uongo, na uongo utafika mbali kabla hujauona. Mimi naandika programu ya kupanga dawa za wagonjwa. Hesabu iliyokosewa ikipita kimya, mtu anakunywa vidonge vinne badala ya kimoja. Bora skrini ife.

Sikiliza na hili, wengi hukosea hapa. Mtumiaji akiingiza namba mbaya humwekei tamko, unamwambia kwa upole ajaribu tena. Tamko halikuwekwa kumkamata yeye. Limewekwa kumkamata aliyeliandika. Angalia mstari wa nane, nadhani umetoa kamba kabla ya kujumlisha.

Wenzangu kazini hunicheka, wanasema naweka matamko kila baada ya mistari mitatu. Na makampuni mengine huyazima kabisa programu ikianza kazi, ili iende mbio.

Kuhusu kisomo. Usiende. Usikae karibu na watakaokwenda. Na mtu akikuuliza umemwona nani, sema ulichokiona na usiongeze hata rangi ya shati.

Mama yako mdogo,
Rahila

*

Micheweni
9 Agosti 2025

Mama Mdogo,

Assalaam alaykum. Mama ni mzima, baba ni mzima, Shaame ni mzima. Naandika neno hilo mara tatu na mkono hautaki.

Mstari wa nane ulikuwa na kosa kama ulivyosema. Barua yako ilichelewa kunifikia kwa sababu Suhaib hawezi tena kwenda Chake kwa miguu yake. Yuko Chake, lakini hospitali.

Nitakuandikia kwa utaratibu. Nimejaribu mara mbili nikachana karatasi.

Jumatatu walisoma. Jumanne hakikutokea kitu, watu wakatazamana. Jumatano ya tarehe thelathini, baada ya Alasiri, Suhaib alikuwa kibandani kwake anafungua simu iliyovimba betri. Betri ikalipuka. Ikamuunguza kiganja cha kulia na shavu. Alitoka nje anapiga kelele, akatumbukiza mkono kwenye ndoo ya muuza juisi. Mwanamke mmoja akasema, wala hakusema kwa nguvu, "Badri hiyo. Imeshamjibu."

Mama Mdogo, nilisoma kwamba sauti husafiri mita mia tatu na arubaini kwa sekunde. Neno lile lilikwenda hivyo. Nilikuwa bombani na ndoo yangu haijajaa nusu, nikaona wanaume wanatoka kila uchochoro, wengine na vijiti vya kufungia mwani, wengine na nyundo za kupigilia vijiti hivyo. Shaame alikuwa mbele. Pigo la kwanza lilikuwa lake, gotini. Lilitoa mlio kama wa kifuu kikivunjwa jiweni, na Suhaib akakaa chini kama mtu aliyeambiwa akae.

"Magunia yako wapi?"

"Sijui magunia."

"Mpeni maji ya chumvi, mwizi wa mwani ndiyo chakula chake." Watu wakacheka. Mmoja akaja kweli na kopo la maji ya bahari akammiminia kwenye shavu lililoungua. Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Wakampiga mgongoni, wakampiga vidole vya mkono ule mzima. Mtu mmoja alikuwa anahesabu kwa sauti, alifika kumi na tisa.

Shaame akamshika nywele. "Ijumaa wakati wa sala ulikuwa wapi? Msikitini hukuwepo. Sema."

Suhaib akainua uso. Akaniona. Nilikuwa nimesimama hatua ishirini na ndoo yangu, nilikuwa najua alipokuwa kuliko mtu yeyote duniani. Tulikuwa chumba cha kompyuta, mimi na yeye peke yetu, tangu saa sita hadi saa nane kasorobo. Alikuwa amefungua namba nne kubadilisha ile betri ndogo inayoshika saa, na skrubu zote ziko mezani, akasema ngoja nimalize, na Ijumaa ikampita. Hakuna lingine. Naapa hakuna lingine.

Akanitazama, kisha akatazama chini. Akasema, "Nilikuwa kwangu."

"Muongo. Kwako palikuwa na kufuli."

Akapigwa kijiti cha mwani usoni, kwa ncha, kikaingia jicho la kushoto.

Mimi sikusema kitu. Nilishika ndoo.

Aliyewazuia ni Masoud, yule mwenye mkono uliopinda. Alikuja mbio, hakumsukuma mtu, akajitupa juu ya Suhaib akamfunika kwa mwili wake. Magongo mawili yakampata mgongoni kabla hawajamtambua. Akasema, "Nyiye mnanijua. Miye nishapigwa na baba zenu papa hapa. Malizieni kazi yao." Shaame alikuwa ameinua gongo, likabaki juu. Mtu mmoja akacheka, kisha hakuna aliyecheka. Wakaondoka mmoja mmoja.

Polisi wamemfungulia Suhaib kesi ya wizi akiwa kitandani. Waliompiga hawajaulizwa.

Masoud alisema amepigwa na baba zetu. Nimemuuliza mama nani aliuvunja mkono wake, na kwa nini. Mama akasema, "Kamenye muhogo." Wewe ulikuwepo wakati huo? Barua hii anaipeleka yeye Masoud kwa Altaf, anakwenda Chake kumtazama mgonjwa.

Saada

*

Dar es Salaam
17 Agosti 2025

Saada,

Salamu kwa dada. Wanangu wamepona mafua. Nimeisoma barua yako jikoni, nimesimama, na chungu kikaungua.

Nisikilize. Nyamaza. Wewe una miaka kumi na sita na upo kidato cha tatu. Ukisema ulikuwa na kijana peke yenu wakati wa sala ya Ijumaa, hawatasikia neno la kompyuta, watasikia hilo moja tu. Baba yako namjua, Shaame hata sitaki kumtaja. Suhaib mwenyewe amekunyamazia, ameona mbali. Ana wakili? Kama hana, nitauliza huku. Kesi za namna hiyo hufa zenyewe.

Soma. Fanya mtihani. Uje huku.

Usimpe Masoud barua zangu. Tafuta mtu mwingine.

Nakutumia sura ya tano ya masomo, inahusu orodha.

Rahila

*

Micheweni
30 Agosti 2025

Mama Mdogo Rahila,

Assalaam alaykum. Mama ni mzima. Mwandiko huu mbaya ni wa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya kulia vimefungwa kitambaa.

Sikuweza kunyamaza kama ulivyoniambia. Nilijaribu siku tisa. Siku ya kumi nikamwambia mama, jikoni, polepole. Sikujua Shaame yuko nyuma ya makuti. Akaingia na waya wa pasi. Hakuuliza kitu. Alinipiga mgongoni, na nilipoweka mikono kichwani akapiga mikono. Kila pigo alikuwa anasema neno moja, "Husemi. Husemi. Husemi." Alikuwa analia, Mama Mdogo, machozi yanamtoka huku anapiga. Nadhani ameshajua jicho la mtu limetoka bure, naye ndiye aliyeanza, na hana pa kuliweka jambo hilo. Mama alisimama mlangoni ameshika mwiko. Baba aliporudi akasikiliza, akanawa mikono, akasema, "Neno hilo likitoka nje ya uzio huu, weye si mwanangu, wala hapana atakayekuoa." Kisha akala.

Suhaib jicho limekwenda. Masoud amenieleza. Goti limewekwa vyuma. Polisi wamemuuliza tena alikuwa wapi, akawaambia alikuwa kwake amelala. Anaongopa kwa ajili yangu, na uongo wake ndio utakaomfunga. Kesi ni tarehe kumi na nane Septemba, mahakama ya wilaya. Hana shahidi hata mmoja. Upande wa pili wapo sita.

Nilifikiri kompyuta yenyewe ingesema, kwa sababu kila faili lina saa lilipohifadhiwa, na siku ile nilihifadhi programu yangu mara tatu kwenye namba nne, kabla hajaifungua. Nikaenda kuangalia. Zote zimeandikwa Januari mosi 2009, usiku wa manane. Saa ya namba nne ilikuwa imekufa. Ndiyo hiyo aliyokuwa anaitengeneza.

Basi imebaki kauli yangu tu.

Samahani kwa nitakalosema, wewe ni mkubwa wangu. Uliniandikia kwamba tamko limewekwa kumkamata aliyeliandika. Kisha ukaniandikia ninyamaze. Nimeziweka barua mbili sakafuni upande kwa upande na hazifanani kama zimetoka kwa mtu mmoja. Sikuulizi tena habari ya mkono wa Masoud. Nakuuliza kwa nini unaweka matamko kila baada ya mistari mitatu.

Barua hii nimempa mke wa mwalimu.

Saada

*

Dar es Salaam
8 Septemba 2025

Saada mwanangu,

Assalaam alaykum. Watu wa nyumbani kwangu wamelala mchana, nimefunga mlango.

Mwaka 2005 nilikuwa na miaka kumi na saba. Babu yako aliibiwa karafuu, pishi nyingi, zimeanikwa uani kwenye majamvi. Ilikuwa adhuhuri. Mimi nilikuwa ndani nasuka ukili, nikasikia majani yanachakarika, nikachungulia. Niliona mgongo wa mtu anaruka uzio. Shati la buluu. Uso sikuuona.

Wakaniuliza, "Umemwona?" Nikasema nimemwona. Wakauliza nani. Walikuwa wengi, Saada, babu yako yuko katikati, na mimi msichana ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Wote walikuwa wananisubiri. Masoud alikuwa na shati la buluu. Wengine kumi pia walikuwa nalo, lilikuwa shati la timu. Lakini yeye alikuwa amegombana na babu yako wiki ile, na jina lake lilikuwa mdomoni mwa kila mtu kabla sijafungua wangu. Nikasema, "Masoud."

Walimkuta anakula. Walimtoa na tonge mkononi. Mkono ule waliuweka juu ya kinu wakaupiga kwa mchi, ili asiweze kubeba tena. Nilisikia nikiwa dirishani. Baba yako, alikuwa mchumba wa dada wakati huo, ndiye aliyeshika kiwiko. Baada ya miezi miwili karafuu zilionekana kwa mtu mwingine kabisa. Hakuna aliyerudi kwangu kuniuliza. Hakuna kilichosimama. Nilipata posa, nikaja huku, nikasoma, nikazaa. Dada anajua. Ndiyo sababu anakupeleka ukamenye muhogo. Miaka ishirini sijarudi, hata babu yako alipokufa nilisema boti zimejaa.

Nilipokwambia unyamaze sikuwa nakulinda wewe peke yako. Nilijua ukisimama wewe, mimi nitabaki nimekaa peke yangu.

Hayo ya Masoud sikukatazi kumwambia wala sikutumi.

Kuhusu tarehe kumi na nane: sema ulichokiona. Usikipambe, usimtetee mtu, usimshitaki mtu. Saa, mahali, nani. Ukiulizwa usichokijua, sema hukijui. Nimempa Altaf hii mkononi, nimemwambia asilale nayo.

Rahila

*

Micheweni
20 Septemba 2025

Mama Mdogo Rahila,

Assalaam alaykum. Sote tu wazima isipokuwa mambo nitakayokueleza.

Barua yako ilifika tarehe kumi na sita. Niliisoma mara moja nikaichoma, kwa sababu nyumba hii haina pa kufichia. Niliyoyasoma nayajua kwa moyo.

Alhamisi nilitoka alfajiri kama nakwenda shule. Masoud alikuwa ananisubiri kituoni. Gari ilikuwa imeshawashwa nikamwona mama anakuja, amevaa buibui lake la Idi. Akapanda, akakaa karibu yangu. Tulipokaribia kushuka akanifunga upya kitambaa cha vidole.

Mashahidi sita walitangulia. Kila mmoja alisema anajua kwa hakika kwamba Suhaib ni mwizi. Hakimu, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, akawauliza mmoja mmoja, "Ulimwona wewe?" Wa kwanza alimsikia wa pili. Wa pili alimsikia wa nne. Nilikuwa nafuata kwa vidole, kama unavyofuata programu inayojiita yenyewe bila mwisho. Wa sita akasema, "Hatukuhitaji kuona, Mheshimiwa. Kisomo kimejibu." Hakimu akasema, "Ukiacha kisomo, hapa ndani nani alimwona na gunia?" Wa sita akarudi kukaa.

Kisha wakaniita. Nilishika Msahafu kwa mkono ule wenye kitambaa.

Nikasema, "Ijumaa tarehe ishirini na tano Julai, tangu saa sita hadi saa nane kasorobo, Suhaib alikuwa chumba cha kompyuta cha shule yetu. Mimi nilikuwepo."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna mwingine."

Nyuma yangu watu wakaguna. Mwendesha mashtaka akatabasamu. "Msichana na mwanamme, saa mbili kasorobo, wakati wa sala. Mlikuwa mnafanya nini?"

"Yeye alikuwa anabadilisha betri ya saa ya kompyuta. Mimi nilikuwa nashika skrubu."

Wakacheka. Mtu mmoja akasema, "Sikuizi yaitwa skrubu." Hakimu akagonga meza.

"Mlango?"

"Ulikuwa wazi. Na dirisha halina kioo."

"Una ushahidi gani? Hiyo kompyuta haina saa?"

"Saa yake ndiyo ilikuwa mbovu. Inaonyesha mwaka 2009."

"Kwa hiyo mahakama ikuamini kwa mdomo wako?"

Nikakumbuka mstari wa kumi na mbili. Nikasema, "Ndiyo. Na ikiwa nimesema uongo nifungwe mimi, si yeye."

Suhaib alikuwa kwenye benchi na bandeji nusu ya uso. Aliinamisha kichwa tangu nilipoanza mpaka nilipomaliza. Hakimu akamuuliza kwa nini aliwaambia polisi alikuwa kwake. Akasema, "Mheshimiwa, miye jicho moja lanitosha. Yeye jina lake ni moja."

Jana mwendesha mashtaka ameiondoa kesi. Suhaib yuko huru.

Alhamisi hiyohiyo tulipotoka nje ya mahakama nilirushiwa jiwe. Lilinipata begani. Sikuona nani, nikiulizwa nitasema sikuona. Masoud akaliokota, akalitia mfukoni, akasema, "La kuzuilia mlango hili." Suhaib alikuwa anapandishwa garini na magongo yake ya kutembelea. Akaniuliza, "Zile skrubu za namba nne ulizirudisha?" Nikasema bado. Akasema, "Zitapotea." Hilo ndilo tulilozungumza.

Polisi walikuja kwetu jana jioni kumchukua Shaame na wenzake wawili. Wakauliza gongo. Baba akasema hapana gongo katika nyumba hii. Mama akainama uvunguni, kwa kiuno, akalitoa na kuwakabidhi. Bado lilikuwa na unywele umenata. Baba alimpiga kofi mbele ya askari. Mama akafuta mdomo kwa kanga, akasema, "Na hili mmeliona." Baba yuko barazani tangu wakati huo, hasemi na sisi, nasi tunampelekea chakula. Shaame alipokuwa anaondoka alinitazama vidole. Sijui nitamchukia kwa muda gani. Leo asubuhi nilimpelekea shuka kituoni.

Shuleni wasichana watatu wamehama dawati langu. Mwalimu hajaninyang'anya ufunguo.

Habari zako Masoud sikumwambia. Si mstari wangu. Lakini tukiwa garini tunarudi yeye mwenyewe aliniuliza, "Rahila anakuandikia nini?" Nikasema mambo ya kompyuta. Akatazama nje, mama akatazama nje upande wa pili. Baadaye akasema, "Mwambie mkono hauumi siku zote, huuma mvua ikija. Na mwambie njia ya kwangu haijahama."

Nadhani amejua siku zote.

Mwanao,
Saada

*

Dar es Salaam
28 Septemba 2025

Saada mwanangu,

Nimepata ruhusa ya siku nne kazini. Nitapanda boti ya Jumamosi. Mwambie dada anitandikie chini, kitanda sitaki. Baba yako akinikataza kuingia, nitakaa kwa Shehe Abdulsamad.

Kabla ya nyumbani nitapita kwa Masoud. Wewe usije, na usimweke mtu wa kunisindikiza. Nitakalomwambia nimeliandika kwenye karatasi, nisije nikafika nikalipamba. Nimelifuta na kuliandika wiki nzima. Lilikuwa kurasa tatu, limebaki mistari miwili.

Nilisema nilikuona.
Sikukuona.

Rahila